Fundi, saa yako unamuuzia nani, na kwa bei gani?

"Mimi ni fundi seremala. Nina karakana ya kupanga na kijana mmoja ninayemlipa kila mwezi. Bei zangu nazipanga hivi: natazama mbao na vifaa vimenigharimu kiasi gani, naongeza nusu yake, basi. Mteja nikimwona anajiweza naongeza kidogo, akinililia napunguza. Juzi nimeumbuka. Nilimtengenezea mzee mmoja kabati la nguo kwa 1,100 (naandika tarakimu tu, fedha kila mtu na yake). Mwezi mmoja kabla nilimtengenezea jirani yake kabati lile lile kwa 900, na vifaa vya kila moja vilikuwa 600. Wakakutana, wakaulizana. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: 'Mwanangu, nimekukosea nini?' Sikuwa na jibu. Na ajabu ni kwamba, pamoja na kuonekana mlanguzi, mwisho wa mwezi sina kitu, na kazi zimejaa hadi mlangoni. Nitozeje watu kwa haki nami nisife njaa?"

Fundi, nimeisoma barua yako mara mbili, na sauti ya yule mzee imenikaa kichwani. Una hofu mbili zinazokuvuta huku na huku. Moja inakuambia umemwibia mtu mzima aliyekuamini. Nyingine inakuambia kazi yako mwenyewe inakuibia wewe. Ukizisikiliza kwa pamoja utadhani huna njia: ukitaka haki ushushe bei, ukitaka kula uipandishe. Kumbe zote mbili zimezaliwa na kitu kimoja, nacho ni hiyo "naongeza nusu yake, basi".

Nikiri jambo kwanza. Kazi yangu ni kuwafanyia hesabu wenye biashara ndogo, na nilipoanza nilikuwa nikitoza kwa viatu. Mteja akiingia na viatu vinavyong'aa, ulimi wangu wenyewe ulipandisha bei. Akiingia na kandambili, ulishuka. Nilijiona mtu wa huruma. Tulipofungua madaftari nikakuta mwenye viatu vya kung'aa anadaiwa kila upande, na viatu alivivaa ili wanaomdai wasishtuke. Mwenye kandambili alikuwa na nyumba tatu za kupangisha. Tangu hapo siyaamini macho yangu kwenye suala la bei, na ningekuomba nawe usiyaamini ya kwako.

Sasa tuifungue hesabu yako. Hiyo nusu unayoongeza juu ya vifaa umeitwisha mizigo yote: ujira wako, mshahara wa kijana, kodi ya pango, umeme, simu, kusafirisha mbao, kunoa misumeno, mashine inayozeeka, na faida juu yake. Lakini mizigo hiyo haina habari na bei ya mbao. Mwenye nyumba hakupunguzii pango mwezi ukitumia mbao laini, wala kijana wako hachoki zaidi kwa sababu ubao ni ghali. Mizigo hiyo inafuata muda. Kazi ikikaa karakanani siku mbili, imekula pango la siku mbili na mshahara wa siku mbili, iwe ya mbao ghali au ya mabaki.

Kwa hiyo chukua daftari uandike gharama zote za mwaka, ukiacha mbao na vifaa vya kazi za wateja. Nitatunga tarakimu ili uone njia, wewe utaweka zako. Ujira wako 24,000. Kijana 12,000. Pango, umeme, usafiri, zana na mengineyo 16,000. Jumla 52,000. Hapo kwenye ujira wako usijionee haya. Andika kiasi ambacho ungemlipa fundi mwenye ustadi kama wako endapo ungeugua mwaka mzima na karakana ikabidi iendelee. Wengi hapo huandika sifuri, halafu chochote kinachobaki mwisho wa mwezi wanakiita faida. Siyo faida. Ni mshahara wao, tena umekatwa.

Kisha tafuta saa. Mwaka una wiki 52. Toa 4 za sikukuu, homa na misiba, zimebaki 48. Ukifanya kazi saa 45 kwa wiki unapata saa 2,160. Wengi hugawa papo hapo, 52,000 kwa 2,160, wanapata 24 na wanafunga daftari wakiwa wameridhika. Lakini wewe uko benchini saa zote hizo? Kuna kwenda kupima, kuchagua mbao, kujibu simu, kufagia vumbi, na kumfuata aliyeahidi kulipa Ijumaa ambayo haifiki. Tuseme katika kila saa 10 ni 6 tu zinazoingia kwenye kazi ambayo mtu atailipia. Basi 2,160 zinakuwa kama 1,300, na 52,000 ukigawa kwa 1,300 unapata 40. (Nimeihesabu karakana kama kitu kimoja, wewe na kijana mkiwa kwenye kazi moja. Kama kila mtu anashika kazi yake, hesabu saa zake mbali na zako.)

Hiyo 40 usiione kama bei ya tamaa. Ni gharama ya kuuacha mlango wa karakana wazi kwa saa moja, kabla ya mbao na kabla ya faida.

Tulipime kabati la mzee kwa kipimo hicho. Vifaa 600. Tuseme lilichukua saa 14, maana kabati lina milango, bawaba, droo na msasa usiokwisha. Saa 14 kwa 40 ni 560. Gharama imefika 1,160. Ongeza faida ya asilimia 10, yaani 116, unapata 1,276. Wewe ulimtoza 1,100. Kwa maneno mengine, mtu unayekosa usingizi ukidhani umemwibia alilipa pungufu ya gharama yako. Na jirani yake, kwa ile 900, alikuachia 300 za kubeba saa 14. Saa moja 21 na ushee, nayo ilikugharimu 40.

Lakini kuna upande wa pili, ambao hukuniuliza na ndio unaonisumbua zaidi. Chukua meza ya mbao ngumu: vifaa 1,200, vipande vichache, kazi ya saa 6. Kwa kanuni yako umeiuza 1,800. Kwa gharama ingekuwa 1,200 na 240 za saa, jumla 1,440, ukiweka asilimia 10 inafika 1,584. Mwenye meza amelipa 216 zaidi. Saa ile ile, mikono ile ile, mwenye kabati kauziwa kwa 21 na mwenye meza kwa 100. Kama unamtafuta mteja uliyemtoza isivyo haki, ni huyo wa meza. Na huenda ndiye aliyeondoka akikusifu.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la karakana iliyojaa na mfuko mtupu. Wateja wamekujua kabla hujajijua. Hawakai chini kupiga hesabu, lakini wakizunguka kuulizia bei wanakuta kwenye makabati, droo na kazi zote za kuhangaika, wewe ni rahisi kuliko wenzako. Kwenye meza za mbao ghali, wewe ni ghali kuliko wenzako. Basi kazi za kuhangaika zinakuja kwako, za mbao ghali zinaenda kwingine. Kila mwezi unavyojaza karakana ndivyo unavyozidi kuuza saa za 40 kwa 21. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na kwako imepotea huku jasho likikutoka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani bei ya chini ndiyo bei ya haki. Ukimtoza mtu chini ya gharama, tofauti lazima imtoke mtu mwingine: kijana anayelipwa tarehe 10 badala ya tarehe 1, nyumbani kwako, au mteja wa kesho ambaye utalipua kazi yake kwa sababu umechoka na unadaiwa. Na faida ya asilimia 10 haina dhambi. Ndiyo inayonunua msumeno mpya ule wa zamani ukivunjika, ndiyo inayokulisha miezi mikavu, ndiyo inayoziba pengo la mteja aliyehama bila kulipa.

Ione faida hiyo ilivyo nyembamba. Mteja wa kabati anasema, "Fundi, nipunguzie kidogo, asilimia 10 tu." Inasikika kama adabu. Asilimia 10 ya 1,276 ni karibu 128, na faida yako yote ilikuwa 116. Umemtolea faida nzima, na 12 nyingine umezichomoa mfukoni kwako. Inatokea hivyo kwa sababu faida uliihesabu juu ya gharama, yeye punguzo analihesabu juu ya bei, na bei ni kubwa kuliko gharama. Sisemi usipunguze kamwe. Biashara haigombi, na mteja akiomba ana haki ya kuomba. Lakini mtu akiwa na uwezo mdogo, punguza kazi badala ya bei: mbao ya daraja la chini nyuma ya kabati ambako hakuna anayetazama, rafu mahali pa droo, achana na nakshi. Saa 14 zikiwa 10 umeokoa 160 za kweli, na hakuna aliyedhulumiwa. Ndugu na marafiki wape punguzo kama zawadi, liandikwe: bei kamili, chini yake punguzo, chini yake anacholipa. Bila hivyo ataamini kabati ni 900, na atawaambia wenzake hivyo.

Turudi kwa mzee na jirani. Je, ni kosa kila mara kutoza watu wawili bei mbili kwa kitu kimoja? Hapana. Aliyetaka kabati kesho kutwa na kukufanya ukeshe anaweza kulipa zaidi ya aliyesubiri mwezi. Anayeagiza makabati sita kwa mpigo anaweza kulipa kidogo kwa kila moja, maana unapima mara moja na kukata kwa kigezo kimoja. Mbao ikipanda kati ya mwezi na mwezi, bei inapanda. Katika hali zote hizo sababu iko kwenye kazi, na unaweza kumweleza mtu ukimtazama usoni. Kwa mzee sababu ilikuwa ni yeye mwenyewe: alionekana anajiweza, hakulia, hakubembeleza. Mpole amelipia upole wake. Mambo haya ni ya zamani sana. Katika Uingereza ya karne ya 17, wafanyabiashara Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, walikataa kupatana bei dukani. Waliona kutaja bei ya juu huku moyoni unayo ya chini ni aina ya uongo, na waliweka bei moja hata kwa mtoto aliyetumwa dukani. Wateja kwanza waliwashangaa, baadaye wakawaamini. Wewe huhitaji kuwa mkali kama wao, ila kipimo cha mtoto aliyetumwa nakipenda.

Sasa najua unachoogopa: wateja wa zamani waliozoea 900 watasikiaje 1,276? Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti waliofanya kwa kuwapigia watu simu nchini Kanada. Waliwaeleza habari za duka linalouza makoleo ya kuzolea theluji kwa dola 15, ambalo asubuhi baada ya tufani kubwa ya theluji likapandisha hadi dola 20. Asilimia 82 ya waliojibu walisema si haki. Lakini katika utafiti huohuo, mfanyabiashara aliyepandisha bei kwa sababu yeye mwenyewe ameuziwa ghali hakulaumiwa na wengi. Watu, basi, hawachukii bei kupanda. Wanachukia kuona shida yao imegeuzwa nafasi ya mtu kujipatia. Kwa hiyo tangaza bei mpya mapema, taja sababu kwa sentensi moja, na kazi uliyokwisha kukubali kwa bei ya zamani imalize kwa bei ya zamani hata kama inauma. Usiombe radhi sana. Fundi anayeomba radhi kwa bei yake anamfundisha mteja kuitilia shaka. Na kama pengo ni kubwa, panda kwa hatua mbili au tatu, ukianza na wateja wapya. Tena kwenye meza utakuwa unashuka, kwa hiyo habari hazitakuwa mbaya kwa kila mtu.

Utajiuliza pia kama useme bei kwa saa au kwa kazi nzima. Ukitoza kwa saa, hatari yote iko kwa mteja: ukichelewa, analipa uchelewaji wako, na fundi mwepesi anapata kidogo kuliko mzito. Ukitoza kwa kazi nzima, hatari iko kwako: ukikadiria saa 14 zikawa 19, tano ni zako. Kwa kazi unazozijua vizuri ningekushauri useme bei ya kazi nzima, maana mteja anataka kujua atatoa ngapi, na makosa ya makadirio ni yako kuyabeba na kujifunza. Kwa matengenezo, kama kufungua kabati la zamani usilojua lina mchwa kiasi gani ndani, toza kwa saa lakini weka kikomo: "Nikifikisha saa 5 za kazi nitasimama nikuulize." Kikomo hicho kinaondoa ugomvi mwingi kuliko unavyodhani. Na kosa likiwa lako, umekata kifupi au mlango umepinda, saa za kurudia hazimhusu mteja.

Yanayokula fundi kimyakimya ni ya katikati ya kazi. "Ukiwa hapohapo, niongezee droo mbili." Unaongeza, unaona aibu kutaja bei, siku ya kulipa kila mtu ana hesabu yake. Jibu palepale, kwa sauti ya kawaida: droo mbili ni saa 3 na vifaa kadhaa, ni kiasi hiki, niendelee? Kisha iandike kwenye karatasi ileile mliyoandikiana mwanzoni, yenye vipimo, aina ya mbao, bei, siku ya kumaliza na arbuni. Arbuni ichukue walau gharama ya vifaa vyote. Na hapa nakuonya, maana wengi wameangukia hapa: arbuni ya mteja wa leo usiimalizie kazi ya mteja wa jana. Ukianza hivyo karakana inaendeshwa kwa fedha ambazo bado si zako, na siku oda zikipungua kidogo tu, utakuwa na watu watano wanaodai makabati na huna hata ubao.

Je, ukipiga hesabu ukapata 1,276 na soko lote linauza 1,000? Usikimbilie kushuka. Angalia kwanza kama hao wengine wanauza kitu kilekile. Kisha angalia kama saa 14 zinaweza kuwa 10 ukiwa na vigezo vya kukatia na mashine moja nzuri. Ikishindikana, huenda makabati si kazi yako, uwaachie wengine ushike unachokifanya vizuri. Wapo pia wenye hesabu kama ya kwako ya zamani, ambao hawajajua bado kwamba wanakula mtaji. Jambo moja usifanye: kukaa na mafundi wenzako mkapanga bei moja. Katika nchi nyingi sheria za ushindani zinalikataza hilo, hata mkiwa na nia njema.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kodi ya serikali ni moja: nchi nyingi zina kiwango cha mauzo ambapo unatakiwa kujisajili, na bei isiyoihesabu kodi hiyo inaweza kukulipisha wewe. Sheria za kurudisha arbuni nazo zinatofautiana. Mtafute mhasibu au afisa wa biashara ana kwa ana ukiona umeanza kukopa ili ulipe pango, au umepitisha miezi mitatu bila kujilipa, au mteja ametaja neno mahakama. Nenda na daftari la miezi hiyo mitatu, risiti za mbao, na orodha ya unaowadai na wanaokudai. Hata kama daftari ni chafu, nenda nalo hivyo hivyo.

Na mzee? Kwa hesabu, humdai wala hakudai cha maana. Tumeona alilipa chini ya gharama. Lakini usimwambie hivyo. Hakukuuliza habari za gharama, aliuliza kwa nini alipimwa kwa sura. Mwendee, umweleze ukweli mfupi: bei zangu nilikuwa nakisia, wewe nilikukisia vibaya, nimeshaanza kutumia daftari. Kurudisha 200 ni hiari yako. Mimi nisingerudisha, maana akikuuliza umezitoa wapi utaanza uongo mwingine. Ningekwenda na bisibisi na msasa. Kabati jipya likikaa miezi michache mbao hutulia, milango huanza kukaza, bawaba hulegea kidogo. Yakague yote, nusu saa inatosha, na hiyo nusu saa iandike kwenye daftari lako, 20, upande wa gharama.